Nifunge koki ya nje au niendelee kumwagilia? Winta inakuja

SWALI: Habari mtaalamu. Hii ndo winta yangu ya kwanza kwenye nyumba yenye bustani, na huku joto linashuka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri. Koki ya nje bado ina mpira wa maji, nyasi zimefunikwa na majani makavu, nina misonobari michanga niliyopanda mwaka huu na vyungu vya udongo. Nianze na kipi, na je niache kumwagilia?

JIBU: Salama dada. Anza na hiyo koki, usisubiri mpaka utabiri useme kesho barafu. Maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9, sasa yakiwa yamebanwa ndani ya bomba hayana pa kwenda, yanasukuma mpaka bomba linapasuka, na ubaya wake siku hiyo huoni kitu maana barafu yenyewe imeziba ufa, unakuja kujua joto likirudi, unafungua koki nje halafu unasikia maji yanachuruzika ndani ya ukuta. Nimeshakuta ukuta umelowa hadi rangi inabanduka, kisa mpira haukuchomolewa. Hata zile koki zilizotengenezwa zisigande, ukiziachia mpira maji yanabaki ndani na zinapasuka vilevile.

Kwa hiyo chomoa mpira, umwage maji yote, uweke ndani. Kisha tafuta huko ndani ya nyumba valvu inayopeleka maji nje, ifunge, toka nje ufungue koki maji yaishe yote, na uiache wazi hivyohivyo winta nzima.

Ila kabla hujafunga, mwagilia hiyo misonobari mpaka maji yazame chini kabisa! Hapa ndo wengi wanakosea. Msonobari hauangushi majani yote winta ikija, jua na upepo vinaendelea kuukausha, na udongo ukishaganda mizizi haiwezi kuvuta maji, sindano zake, yaani yale majani membamba, zinageuka kahawia, mtu anasema baridi imeua mti kumbe ni kiu. Chomeka kidole kwenye udongo, ukikuta pakavu mwagilia taratibu, na kama koki umeshafunga na ardhi haijaganda bado, beba maji kwa ndoo.

Baada ya hapo tandaza matandazo juu ya mizizi, sentimita 5 hadi 10 zinatosha, lakini yasiguse shina kabisa, acha nafasi kama kiganja, la sivyo gome linaoza na panya wanapata pa kujificha huku wanalitafuna. Hayo majani yaliyo kwenye nyasi usiyachome jamani, pitisha mashine ya kukatia nyasi juu yake yasagike, machache yaache hapohapo yawe chakula cha udongo, yaliyozidi ndo matandazo yako. Yakibaki tabaka zito lililolowa nyasi zinaoza chini yake.

Vyungu vya udongo vinanyonya maji, vikiganda vinapasuka, viingize stoo.

Mbolea ya naitrojeni na kupogoa achana navyo kwa sasa, vinauchokoza mmea utoe machipukizi laini ambayo baridi inayaunguza, kata tu tawi lililovunjika au lililokufa. Mengine subiri winta ikielekea kuisha.