Re: Shotigani ya zamani kwa kulenga visahani
Mkuu umeuliza kama hiyo shotigani ya geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu) ya mitutu miwili uliyorithi kwa baba mkwe huko Uingereza inafaa kulenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, na kama uongeze urefu wa chemba, ile sehemu ya nyuma ya mtutu katriji inapokaa. Inafaa asee, ila usianze na kung'arisha mbao, anza na mitutu. Mpelekee fundi bunduki mwenye leseni apime unene wa kuta na asome mihuri ya ukaguzi ya London au Birmingham, zile alama zinazogongwa kwenye chuma mtutu ukishajaribiwa, maana nyingi za enzi hizo chemba yake ni inchi 2½ yaani milimita 65 na katriji za kawaida dukani leo ni milimita 70, sasa hiyo ya 70 inaingia vizuri tu bila kugoma na ndo hatari yenyewe, ganda likifunguka wakati wa kufyatua linabana njia na presha inapanda.

Mi chemba nisingeigusa kabisa. Ukiichimba unapunguza chuma na lazima ikakaguliwe upya, wakati katriji za 65 za gramu 24 au 28 zipo na zinapasua visahani safi kabisa, ila chukua marisau (vile vipunje vya ndani ya katriji) ya madini ya risasi sio ya chuma.

Choki, yaani ile sehemu nyembamba ya mdomo wa mtutu, ikiwa inabana sana fundi anaweza kuifungua kidogo, ila ikishachimbwa hairudi. Kitako kifupi? Kivalishe soksi ya mpira. Mbao mi napaka mafuta ya kitani kwa kidole, tone moja moja, wiki kadhaa, na ile michoro ya kushikia usiipige msasa jamani, inauma sana kuiona imefutika.