Nakaa pasipo na stima na kazi yangu ni ya mtandaoni

SWALI: Ninaishi nyuma ya kilima cha Sagalla, Taita Taveta, na nguzo za stima hazijatufikia. Riziki yangu ni kusikiliza rekodi za wateja wa mbali na kuziandika, nikitumia bando la simu. Nina paneli moja ya wati 100, betri ya gari na inveta. Mchana netiwaki inakuja na kupotea. Ikifika saa tatu usiku kila kitu kinazimika. Jirani asema ninunue Starlink, ile intaneti ya setilaiti. Nifanyeje?

JIBU: Dada, una shida mbili, mtandao na umeme, na Starlink ingekutibu moja na kuizidisha ya pili. Dishi lake la kawaida hula wati 75 hadi 100. Likiwaka usiku na mchana lataka wati-saa 1,800 au zaidi, na paneli yako siku ya jua kali hutoa kama 400. Kwa hiyo pesa zako zikae kwanza.

Weka simu kwenye 4G pekee, pakua programu ya bure inayoonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba, kisha uzunguke boma lote: uani, nyuma ya jiko, halafu mtu apande juu ya paa. Namba huwa hasi. Ukipata -90 utafanya kazi kwa raha. -115 ndiyo hiyo inayokuja na kupotea. Azima laini za kampuni nyingine kwa majirani ujaribu zote, maana inayong'ara Voi mjini huenda isivuke kilima. Mimi hufunga mitambo hii, na mara nyingi mita sita za kwenda juu zimefanya kazi kuliko kifaa chochote cha bei.

Penye namba nzuri simika mlingoti, na juu yake ufunge ruta ya nje, yaani kifaa cha kunasa na kugawa intaneti, ile ambayo antena na laini vyote vimo ndani yake. Wauzaji watakushawishi ununue antena peke yake na kebo ya mita 20 ya kuingia chumbani. Kataa. Kebo nyembamba ya namna hiyo hupoteza mawimbi njiani, na faida yote ya kupanda juu inakwisha. Ruta ya nje hushusha waya wa data tu, ambao hubeba na umeme wake, na waweza kufika mita 100. Weka waya wa ardhi kwa ajili ya radi. Na kwa kuwa huko kwenu ndovu huingia mashambani, mlingoti ukae karibu na nyumba.

Sasa umeme. Ruta hiyo hula kama wati 10, yaani wati-saa 240 kwa siku nzima. Kompyuta ya wati 40 kwa saa sita ni 240 nyingine. Ongeza paneli ya pili. Betri ya gari imeundwa kuwasha injini, haiwezi kukeshesha nyumba. Tafuta ya lithiamu, volti 12, Ah 100 (ampea-saa, yaani ujazo wa betri). Inveta nayo hula umeme hata ikiwa haina kazi, kwa hiyo ruta na kompyuta zichukue umeme wa betri moja kwa moja, kila kimoja na adapta yake ya DC, yaani ya umeme wa betri usiopitia inveta.

Ikiwa hata paani ni -115 kwa kampuni zote, hapo Starlink Mini, dishi lao dogo la wati 25 hadi 40, inafaa, mradi paneli ziwe tatu na uizime unapolala. Niandikie namba za paani kabla hujanunua chochote.