Mkipanga ufuo Mombasa, kabro iwekeni mwisho

Nimekaa vikao kadhaa vya kupanga sehemu za ufuoni hapa mjini, na kila mara mchoro unaletwa mzuri, nyasi kijani, mabenchi, kabro (yale matofali ya saruji ya kutandika chini) mpaka ukingoni, lakini kivuli hakuna. Sasa saa nane mchana mwezi wa pili nani atakaa hapo jamani? Na hizo nyasi zitamwagiwa maji gani, na sisi majumbani twanunua ya mkokoteni?

Kwa hivyo anzeni na miti ilopo. Ile bustani ya ufuoni ya Mama Ngina walikarabati 2019, nendeni mkaangalie jua likiwa kali watu wanatafuta nini, ni kivuli tu. Mti haulipi stima.

Saruji nayo ipunguzeni manake kuitengeneza tu inatoa kama asilimia 8 ya kaboni dayoksaidi yote inayotokana na binadamu. Alafu ukuta wima mawimbi ya kusi yakiupiga yanarudi na nguvu yanakula mchanga wa chini, ukuta unaanza kupasuka, mnamwaga zege nyengine.

Panapoota mikoko, kama huko Tudor, acheni tope lilivyo, kaboni nyingi imezikwa humo chini si kwenye majani, mkilichimba inatoka. Na mkipanda, mikoko ina aina zake, kuna mkoko wenyewe, kuna mlilana, msipande mkoko kila mahali eti kwa sababu mbegu zake rahisi kuchomeka. Mzee mmoja mvuvi alituambia, "Wanangu, huku mbele kwenye maji ni kwa mlilana, mkoko ukiuleta hapa wafa." Engineer wetu alikuwa akiandika mbio mbio, na kwa kweli mzee alisema kweli tupu. Muulizeni mtu kama huyo pia maji ya bamvua, yale ya kujaa sana, yanafika wapi, kabla hamjachora benchi hata moja.

Paking ndo inayonikera zaidi. Likoni watu wanavuka feri kwa miguu bure, maelfu kila siku, nyinyi mnachora nafasi za magari! Choreni njia pana yenye kivuli kutoka feri na steji ya matatu, na pa kuegesha baiskeli.

Na wauza mihogo na madafu wapeni mahali pao kwenye mchoro, bomba la maji, pipa la makumbi na la taka, manake mkiwasahau watarudi tu, na watakaa pale pale kwenye njia mlochora.