Jibu: Kuanza chuo hiki huku ukipanga kuhamia kingine

Habari mdau. Kwa hiyo umepata chuo cha karibu na nyumbani, ila moyo uko UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) na unataka kuhamia mwaka wa pili. Cha kwanza, usiangalie jina la kozi. Weka orodha za masomo za vyuo vyote viwili mezani, linganisha krediti (alama za uzito wa kila somo) moja moja. Mimi nilipohama, masomo mawili niliyokwisha kusoma yalikataliwa na chuo kipya: silabasi niliyopeleka ilikuwa karatasi moja, haina hata muhuri. Nikayarudia na madogo wa mwaka wa kwanza, aibu tupu! Wewe omba silabasi zenye muhuri kila muhula, ukiwa bado unafahamika idarani. Kama una mkopo, Bodi ya Mikopo waarifiwe mapema, bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu) lisije likabaki chuo cha zamani.