Mfumo wa duka: kabla hujalipia hizo seva, soma yaliyonikuta

Mkuu, umeuliza kama duka lako moja la vifaa vya ujenzi, kompyuta mbili tu, linahitaji huo mfumo uliopigiwa hesabu: seva tatu mtandaoni (kompyuta za kukodi zilizo mbali na duka) na malipo kila mwezi. Mimi nilikuwa nauza mifumo ya aina hiyo, kwa hiyo nisikilize.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mjomba, anauza nondo, saruji na rangi Morogoro. Nimetoka chuo juzi, kichwa kimejaa. Nikamjengea mfumo kama ghorofa: mauzo kwenye kontena lake (boksi la programu inayojitegemea), stoo kwenye lake, hifadhidata iko Ulaya, na vifurushi, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa tayari, mia tisa na ushee vya watu nisiowajua. Kuuza kilo ya misumari, ombi linavuka bahari na kurudi. Jumamosi moja mafundi wamejaa kaunta, kiduara kinazunguka tu. Nampigia binti wa mauzo nikiwa na jasho, ananijibu: "Kaka, mimi nilishahamia kwenye kaunta buku tangu saa tatu." Iliniuma, ila alikuwa sahihi. Nilihangaika mpaka usiku. Kumbe kifurushi kimoja kilisasishwa kikagombana na kingine, na vyote viwili sikuviandika mimi.

Usidhani ni ushamba wangu peke yangu. Machi 2016 jamaa mmoja aliiondoa left-pad mtandaoni, kakifurushi ka mistari 11 ka kujazia nafasi mwanzoni mwa maandishi, na programu za makampuni makubwa zilizokitegemea zikagoma kuundwa. Mistari 11! Chai haijapoa ushaiandika. Windows 95 iliomba RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya MB 4, Windows 11 inaomba GB 4, na risiti ya saruji ni ileile.

Nikabomoa, nikaanza upya na SQLite, programu ya kutunza hifadhidata. Ni kazi ya D. Richard Hipp, ipo tangu 2000, na simu yako ya Android inaitumia muda huu. Haina seva, data zote zinakaa kwenye faili moja. Umeme ukikatika katikati ya mauzo, muamala uliokamilika unabaki, wa nusunusu unafutwa. Programu yangu iko kwenye kompyuta ya kaunta, ya stoo inaifungua kwa kivinjari kupitia ruta ya dukani, bando liwepo lisiwepo. Jioni binti anachomeka flashi, anabonyeza "Nakili", anaondoka nayo. (Kitufe hicho kinatumia njia ya SQLite yenyewe ya kutoa nakala; usikopi faili kienyeji wakati programu inaandika, utapata kitu kibovu. Na flashi ziwe mbili, ya kwanza ilifuliwa pamoja na gauni.)

Ungekuwa na matawi Dodoma na Iringa yanayohamishiana mzigo kila siku, ningekwambia lipia seva bila kusita. Kwa fremu moja, muulize huyo fundi wako mambo mawili: intaneti ikikata Jumamosi saa tano, kaunta inauza? Na yeye akisafiri, nani ataurekebisha? Akianza kukuchorea maboksi na mishale, mpe chai aende zake.

Kwa mjomba sasa ni mwaka wa nne. Kaunta buku bado ipo kwenye droo. Binti amekataa isitupwe, nami sijambishia.