Rola imepita mara 14, mbona kipimo kinashuka?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Tunajaza kifusi chekundu kwenye barabara ya wilaya huku Rungwe. Rola ni ya tani 10, ngoma laini yenye mtetemo. Baada ya pasi 8 maabara walipata asilimia 94 ya densiti ya juu ya maabara (densiti ni uzito wa udongo kwa ujazo wake). Tulipofikisha 14 ikawa 92, na tunatakiwa 95. Opereta anasema tuongeze pasi. Tuongeze? (Foromani, Tukuyu)

JIBU: Marahaba. Msiongeze. Zile pasi sita za mwisho zimekula dizeli na kuharibu tabaka.

Kwanza simama kando ya ngoma uangalie udongo. Ukijikunja mbele ya ngoma kama wimbi, kisha ukainuka tena ikishapita, maji yamezidi. Maji hayo ndiyo yanayobeba uzito wa rola, chembe hazikaribiani, na kila pasi inazidi kuuvuruga udongo. Kwa mvua za Tukuyu ningeanza kushuku hapo. Chimbueni kwa greda, geuzeni, anikeni hadi unyevu ukaribie ule stahiki wa maabara (ule ambao udongo hushindilika vizuri kuliko wote), ndipo mshindilie upya. Waulize maabara pia kama sampuli ilikaushwa kabisa kwenye oveni kabla ya kupimwa. Udongo wa majivu ya volkano ukikaushwa hivyo hubadilika tabia, na densiti ya juu mnayolinganishia haitakuwa ya udongo ulioko barabarani.

Ngoma ikiruka na kugonga kwa kishindo, hilo ni jambo jingine: tabaka limeshakaza, mtetemo unalegeza sehemu ya juu. Pasi za mwanzo tumieni mpigo mkubwa (ngoma ipande na kushuka zaidi), tabaka likianza kukaza hamieni mpigo mdogo, malizieni bila mtetemo.

Mwendo nao maopereta wengi hawaujali, hasa jioni ikikaribia. Ngoma inayotetema mara 30 kwa sekunde, rola ikienda kilomita 4 kwa saa, hupiga kila baada ya milimita 37 hivi. Akikimbiza hadi 8, nafasi inakuwa milimita 74: pasi ni zilezile kwenye daftari, mapigo kwa kila mita ni nusu. Abaki kati ya 3 na 5. Azime mtetemo kabla ya kusimama au kugeuza, la sivyo ngoma inachimba shimo palepale. Aanzie ukingoni kwenda katikati, kila mstari ulalie wa jirani kwa milimita 150. Kwenye kona yenye mwinamo aanzie upande wa chini.

Kubalianeni pia pasi ni nini. Kwenda ni moja, kurudi ni ya pili. Unene nao: kama tabaka lililoshindiliwa ni milimita 150, kifusi kilichomwagwa kisizidi 200 hivi.

Kesho tengeni kipande cha mita 50 mpime baada ya pasi 4, 6, 8 na 10; pale densiti inapoacha kupanda ndipo pa kusimamia. Wakati fundi maabara anamimina mchanga kwenye shimo la kipimo ili kujua ujazo wake, rola isimame. Ikitetema jirani, mchanga unajipanga na kuingia mwingi kuliko kawaida, shimo linaonekana kubwa, na asilimia inasomeka chini ya ilivyo. Huenda hata ile 92 imepatikana hivyo.