Kulala Jangwani Wakati wa Baridi

SWALI: Mimi ni msomaji wenu wa Maskati. Mwezi wa Januari tunakusudia kwenda na watoto kulala usiku mmoja katika jangwa la Wahiba. Kwa kuwa joto limepungua, je, bado kuna jambo la kuhofia?

JIBU: Ndugu msomaji, lipo, na kubwa ni maji, kwa sababu katika hewa kavu na ya baridi jasho hukauka kabla hujalihisi na kiu huchelewa kuja, ilhali mwili unaendelea kupoteza maji. Chukueni walau lita 4 kwa kila mtu kwa siku, na watoto wanywesheni bila kungoja waombe. Mkifika Bidiyah, mji ulio ukingoni mwa jangwa hilo, punguzeni upepo wa matairi kabla ya kuingia mchangani, wala msiende na gari moja tu, kwani likizama hakuna wa kulivuta. Asubuhi kila kiatu kikung'utwe kabla ya kuvaliwa, maana nge hujificha humo. Njiani msipumzike katika mkondo mkavu wa wadi, yaani bonde ambalo maji hupita mvua inyeshapo, hata anga likiwa halina wingu, kwa kuwa mvua iliyonyesha milimani huweza kuleta mafuriko ghafla. Namba ya dharura nchini Oman ni 9999, lakini mchangani mtandao hukatika. Mwachieni jamaa wa mjini habari ya njia yenu na saa ya kurudi.